Sauti ya Kutafuna Ghalani

Karatasi ilikuwa ya kaki, nzito, ya aina ile inayofungia mizigo mikubwa, na ilikuwa imepigiliwa msumari mmoja tu kwenye mlango wa kantini. Hakuna aliyemwona aliyeipigilia. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya Ramadhani, na wafanyakazi wa kiwanda cha kufulia mashuka walisimama pale na vikombe vya bati mikononi, wakisubiri chai waliyoizoea miaka nenda miaka rudi. Mlangoni kulining'inia kufuli jipya, bado lina mafuta ya dukani.

"Soma wewe," Mrefu akamwambia Mama Pacha. "Macho yangu hayasomi nikiwa na njaa."

Mama Pacha akasoma kwa sauti. "Tumefunga. Tunawaomba kantini ifungwe mwezi mzima, na msile mbele yetu. Ni sisi wenzenu."

"Wenzetu!" Mrefu akacheka peke yake. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kufikiri jioni. "Wenzetu wametufungisha na sisi. Na thawabu je, tutagawana, au hizo ni zao peke yao?"

Waliofunga walikuwa saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwapo pale kujibu. Msimamizi alikuwa amewahamishia upande wa maji, kwenye mashine za kufulia, waingie alfajiri na kutoka saa nane. Msimamizi huyu walimwita Bwana Saa, kwa sababu hajawahi kumtazama mtu usoni kabla ya kuitazama saa yake. Kati ya upande wa maji na upande wa pasi alikuwa amechora sakafuni mstari wa rangi ya manjano. Waliofunga wakisukuma toroli la mashuka mabichi, wanaliacha mstarini na kurudi.

"Ni heshima tu," Bwana Saa alisema, macho kwenye saa. "Huko kuna ubaridi. Au hamtaki wenzenu waheshimiwe?"

Nani angesema hataki? Hapo ndipo ujanja wa neno heshima ulipo. Ukilipinga unaonekana huna.

Mama Pacha akarudi kwenye roli lake la pasi bila chai. Roli lile, pipa la chuma lililojaa mvuke, refu kuliko kitanda, linahitaji watu wawili, mmoja kila ncha ya shuka, kulilisha na kulipokea. Miaka kumi na mmoja aliyesimama ncha ya pili alikuwa Bi Kicheko. Walikuwa wakikunja bila kusemezana: wanasogeleana, ncha kwa ncha, vidole vinagusana, wanarudi nyuma. Leo aliyesimama pale ni Mrefu, naye alikunja shuka kama anayekunja hema.

Mwaka wake wa kwanza kiwandani, Mama Pacha alificha mkate chini ya aproni asije akamkera mwenzake aliyefunga. Bi Kicheko aliuvuta ukatoka. "Unaficha nini, shoga? Niliyefunga mimi, siyo wewe. Kula. Ila usinipulizie kitunguu usoni." Jioni akamwita kwake wakafuturu mkeka mmoja. Na sikukuu ya kina Mama Pacha ilipofika, Bi Kicheko akaja na wanawe, akakuta sufuria jipya limetengwa kwa ajili yao, halijawahi kuona nyama asiyokula yeye. Hayo ndiyo maagizo yote waliyowahi kupeana, na yaliwatosha miaka kumi na mmoja. Ofisi ilitegemea kwamba mambo kama haya watu huyasahau haraka. Ilikuwa imekosea kidogo tu.

*

"Nenda kamuulize," Baba Pacha alisema jioni ile. Alikuwa fundi viatu, na kwa kuwa vijimisumari aliviweka mdomoni, maneno yake yalitoka machache na kwa upande.

"Nimuulize nini? Kama nimemchosha?"

"Muulize kama ameandika."

"Na akisema ndiyo?"

Baba Pacha akatema msumari mmoja, akaupiga kwenye soli.

Mama Pacha alikuwa na neno zito zaidi ya chai. Alikuwa na kisukari, cha kuchoma sindano kila alfajiri. Muuguzi alimwambia akimwonyesha kidole: "Ukishachoma, saa saba mchana lazima ule. Usipokula, sukari itashuka, utaongea ovyo kama mlevi, kisha utaanguka. Na wewe kazi yako ni kwenye pasi ya mvuke, umenielewa?" Alimwelewa. Lakini ofisini hakusema. Alimkumbuka mama mmoja wa pumu, mkunja mashuka hodari, aliyekohoa mbele ya Bwana Saa siku ya Jumatatu, na Jumatano jina lake likawa halipo kwenye orodha ya zamu. Nje ya nyumba yake, ugonjwa ule aliujua mtu mmoja tu, Bi Kicheko.

Mmoja wa pacha akaingia mbio kutoka nje. "Mama, Bi Kicheko ametandika mkeka barazani kwake."

"Ameniita?"

"Hapana. Ameutandika nusu. Nusu nyingine ameiacha imekunjwa."

Kutoka mlango hadi mlango palikuwa na nyumba mbili tu. Mama Pacha alisimama kizingitini akiwa na kanga begani, akasikia adhana, akaona taa ya barazani kwa shoga yake ikiwaka. Akangoja aitwe. Hakuitwa. Kule nako kulikuwa na mtu amekaa kwenye nusu ya mkeka, anatazama njia, lakini hilo Mama Pacha hakuliona. Alirudi ndani akafunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

*

Siku ya tatu karatasi ilikuwa imeongezeka mstari. Msumari uleule, tundu lilelile, herufi zilezile za duara zilizolalia upande mmoja. "Bomba la maji ya kunywa nalo lifungwe, tusisikie maji yakimiminika. Ni sisi wenzenu." Bomba la maji ya kunywa lilikuwa ndani ya kantini, kwa hiyo lilikuwa limefungwa tangu siku ya kwanza, sasa lilikuwa limefungwa na kutungiwa sababu. Watu wakaanza kunywa kwenye mpira wa kusuuzia mashuka, maji ya vuguvugu yenye ladha ya sabuni.

Siku ya tano: "Msitupe mikono ya salamu." Siku ya nane: "Msije kwenye futari zetu." Mama Pacha aliusoma mstari huo mara mbili. Ni nani aliyejua kwamba alisimama kizingitini jioni ile?

Na mambo mengine yakaanza. Mkunja mashuka mmoja aliingia ghalani saa saba mchana kuweka mzigo, akatoka bila kuuweka. Alisema kuna kitu kinatafuna mle. Siyo panya. Panya hutafuna haraka. Hiki kilitafuna polepole, kikatulia kama kinachosikiliza, kikaendelea. Kesho yake wakaenda wawili, wakakisikia wote wawili. Mashuka ya hospitali yalipangwa hadi darini, meupe, njia kati yake nyembamba ya kupita mtu kwa ubavu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kupita.

Tena kantini nayo, iliyofungwa kwa kufuli, ikaanza kunguruma. Si kwa nguvu. Ulikuwa mngurumo wa chini, wa kusikika kwa nyayo kuliko kwa masikio, asubuhi watu wakiingia. Ukiweka kikombe sakafuni, maji yake yanatetemeka.

"Majini wawili," Mrefu alitangaza. "Dume liko kantini linasaga, jike liko ghalani linatafuna. Wameoana. Sisi ndio tutakaowapikia karamu, na hatuna jiko." Wengine wakacheka. Kisha mmoja akasema, bila kucheka, kwamba kabla ya wale saba kuanza kufunga kwao na karatasi zao, kiwanda hakikuwa na mambo hayo. Hakuna aliyemkatalia. Mama Pacha alikuwa pale, akatazama viatu vyake.

Kwa sababu aliyekuwa akitafuna alikuwa yeye.

Kila saa saba alijipenyeza kati ya mashuka, akaketi gizani juu ya furushi, akatafuna kipande cha mkate mkavu huku ameziba mdomo kwa aproni. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mama wa watoto wawili, amejificha kama mwizi kula mkate aliotoka nao nyumbani kwake. Aliwasikia walipoingia. Alisikia pumzi zao. Alitaka kusema, "Ni mimi, jamani," akakaza aproni mdomoni, kwa sababu kusema ni mimi ni kusema kwa nini ni mimi.

Lakini mngurumo haukuwa wake, na huo ulimtisha hata yeye. Ghala lilipakana ukuta na kantini. Siku ya kumi na mbili aliegemea ukuta ule, akaruka. Ulikuwa na joto. Jiko halijawashwa siku kumi na mbili, mpishi amerudishwa kwao, na ukuta una joto kama ubavu wa mnyama aliyelala.

*

Siku ya kumi na tatu karatasi ilisema: "Mwenye maradhi yanayomlazimu kula mchana aende ofisini akajiandikishe, tumjue. Ni sisi wenzenu."

Baba Pacha alitoa misumari yote mdomoni aliposikia hivyo, jambo alilolifanya kwa nadra. "Basi ni yeye," alisema. "Nani mwingine anajua?"

"Usimseme."

"Simsemi. Nauliza."

"Bi Kicheko hajui hata kuandika kwa mkono wa kulia, Baba Pacha. Anaandika kwa kushoto, herufi zimesimama kama nguzo za uzio. Hizi zimelala."

"Basi kamuulize!"

"Siku kumi na tatu nimempita njiani nikainamisha kichwa. Niende leo, nimwambie nini? Kwamba nilidhani ni yeye?"

Pacha walikuwa wameacha kula, wanatazama. Mama Pacha akawaambia wale. Yeye mwenyewe aliamua jambo lake kimyakimya, na lilikuwa jambo la kijinga, lakini hofu ikikaa ndani ya mtu siku nyingi hufanana na akili. Aliamua kuacha kwenda ghalani. Sindano atachoma, mkate hatakula, mpaka atoke saa kumi. Wiki mbili tu. Wenzake saba wanaweza, yeye ana nini?

Siku mbili aliweza. Ghala likanyamaza, na kunyamaza kwake kukawaogofya watu kuliko kutafuna.

Siku ya tatu, saa saba na kitu, Mrefu aliona shuka linakuja upande. "Vuta kwako, Mama Pacha," alisema. Hakuvuta. Alikuwa amesimama anatabasamu, jasho linamtiririka, na lilikuwa jasho la baridi, siyo la mvuke.

"Taa imezimwa na nani?" Mama Pacha aliuliza. Taa zilikuwa zinawaka.

"Taa gani? Wewe, ondoa mkono!"

Aliona mashuka yamesimama. Yale yaliyoning'inizwa yakauke yalikuwa yamejaa watu ndani yake, mabega na vichwa, na wote walikuwa wanatafuna. Wanatafuna polepole, wanatulia kusikiliza, wanaendelea. Shuka lililokuwa mikononi mwake liliingia kwenye roli na vidole vyake vililifuata kwa utiifu, kama vilivyolifuata miaka kumi na mmoja, ila sasa havikujua pa kuachia.

Mtu alivuka mstari wa manjano. Toroli lilianguka, mashuka mabichi yakamwagika, na mkono wenye harufu ya sabuni ukamshika Mama Pacha kiunoni ukamtupa nyuma. Wakaanguka wote wawili. Roli likameza shuka tupu.

"Tangu lini hujala?" Bi Kicheko alimpigia kelele usoni. "Wewe! Nitazame. Tangu lini?"

"Wametukataza," Mama Pacha alisema kwa ulimi mzito.

Bi Kicheko alikuwa tayari anafungua fundo kwenye pindo la ushungi wake kwa meno. Mwaka juzi waliwahi kuzuiwa kazini mpaka magharibi, na tangu siku ile hakutoka nyumbani bila tende tatu. Akatoa kokwa la tende ya kwanza kwa kidole, akaitia mdomoni mwa shoga yake. "Tafuna. Usimeze hivyo. Tafuna, mama, tafuna." Ya pili. Ya tatu. Akajilamba kidole bila kufikiri, akashtuka, akatema pembeni, akajifuta kwa upindo. "Mungu anajua," alisema.

Watu wa pande zote mbili walikuwa wamesimama. Hakuna aliyejua kama anatakiwa kutazama au kugeuka. Siku kumi na sita walikuwa wamefundishwa adabu mpaka wakasahau cha kufanya mtu akianguka.

Taratibu taa zilirudi. Mama Pacha akaiona sura ya shoga yake, imekonda, midomo mikavu.

"Kwa nini uliandika?" alimuuliza.

"Niliandika nini?"

"Karatasi. Tusile. Tusije kwenu. Nijiandikishe."

Bi Kicheko akakaa kitako juu ya mashuka mabichi. "Karatasi ni yenu," alisema. "Iko upande wetu kwenye nguzo. 'Tunataka kula kwa raha zetu mwezi huu. Kaeni mbali nasi, na msituletee vyakula vyenu vya jioni. Ni sisi wenzenu.' Nimeisoma kila alfajiri. Nimetandika mkeka nusu kila magharibi, nikasema labda atapita, labda ni wenzake tu, yeye hayumo."

"Herufi zake zikoje?"

"Za duara. Zimelala."

Chini ya nyayo zao wakausikia mngurumo wa kantini.

"Maji," Bi Kicheko alisema. "Anahitaji maji ya kunywa, siyo haya ya sabuni. Nani ana ufunguo?"

Mrefu alikuwa bado ameshika ncha ya shuka. Alilidondosha. Usoni mwake hapakuwa na kicheko hata kidogo. Akachukua chuma cha kufungulia mashine, akaenda mlangoni mwa kantini, akalipiga kufuli mara nne. Hakulipiga kama mtu anayefungua mlango.

"Nani amevuka mstari?" Bwana Saa alikuwa ameshuka kutoka ofisini, mkono umeinuliwa, saa mbele ya macho yake. "Wewe! Mnavunja masharti ya wenzenu! Hamna heshima?"

Mlango ukafunguka kwa pigo la tano.

*

Jiko halikuwapo. Meza zilikuwa zimerundikwa ukutani miguu juu. Katikati, juu ya saruji mpya iliyokwisha kauka, ilisimama pasi mpya ya mvuke, ndefu mara tatu ya yale maroli yao, na ilikuwa inajiendesha. Hakuna mtu aliyesimama kwenye ncha zake. Ilikuwa ikijaribiwa. Shuka moja jeupe lilikuwa linaingia, linatoka, linazunguka juu ya mikanda, linaingia tena, na lilikuwa limezunguka siku nyingi hata limekuwa jembamba kama ngozi ya kitunguu. Ubavu wake wenye joto uliegemea ukuta wa ghala.

Karatasi ya kaki iliyofungia mzigo ule ilikuwa sakafuni, imekatwa vipande vipande kwa mkasi. Juu ya sanduku tupu kulikuwa na kalamu nene na vipande vilivyokwisha andikwa, vimepangwa kwa mpango, tarehe pembeni. Leo. Kesho. Keshokutwa. Bi Kicheko alivifunua kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, cha siku ya Idi, siku kumi na nne zijazo. Akasoma kwa sauti.

"Kwa heshima ya sikukuu yetu, tunaomba wapiga pasi wote wanane wapumzike majumbani. Wasirudi mpaka watakapoitwa. Ni sisi wenzenu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Idi bado."

"Bado," Bi Kicheko alisema. "Na haya tumeshayasema."

Wote wakamgeukia Bwana Saa. Kwa mara ya kwanza hakuitazama saa yake. Alikuwa anatazama mlango.

Mrefu alijaza kikombe bombani, akamletea Mama Pacha. Mama Pacha hakukaa pembeni. Alitembea, akaliketia lile sanduku, juu ya karatasi zilizoandikwa. Akatoa chini ya aproni kipande cha mkate alichokibeba siku tatu bila kukila. Alinyoosha mkono kumpa Bi Kicheko kikombe, akakumbuka, akaurudisha.

"Lete nikushikie," Bi Kicheko alisema, akakipokea, akakishika kwa mikono yote miwili mbele ya kifua chake, maji yakitetemeka, midomo yake mikavu imefumba.

"Nina kisukari," Mama Pacha alimwambia Bwana Saa. "Kaandike. Lakini safari hii andika jina lako."

Akauma mkate. Mtu alizima mashine, lile shuka jembamba likasimama hewani, na kiwanda kizima, wa upande wa maji na wa upande wa pasi, kikanyamaza kumsikiliza. Alitafuna polepole, akatulia kidogo, akaendelea.

"Ndiyo ileile," mkunja mashuka alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo ya ghalani."

Hakuna aliyetoka mpaka alipomaliza.